Pedali ya Mwisho Ilikuwa Angani

Wapiga gitaa la umeme wana ubishi usiokwisha: pedali za kuyumbisha sauti zikae wapi katika njia ya sauti, tangu waya unapochomekwa kwenye gitaa hadi sauti inapotoka kwenye spika? Nazungumzia tremolo, vaibrato, faza, flenja na korasi, jamii nzima ya modulesheni. Wapo wanaoziweka kabla ya pedali ya mkwaruzo, wapo wanaoziweka baada yake, na wapo wasiokubali kuziona popote ila nyuma kabisa, mkwaruzo wote ukiwa umeshapita. Historia ya ubishi huu huandikwa kutoka London na California. Upande wake wa pili unaonekana vizuri zaidi ukiwa Msanzi.

Msanzi ni kata ya Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya bonde la Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Mpaka wa Zambia uko karibu. Ukichukua ramani na rula, utaona kwamba kutoka Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Hadi Lusaka ni karibu 900, Nairobi ni zaidi ya 900, na Lubumbashi ni kama 600. Hiyo ni miji minne iliyokuwa na studio, bendi na mitambo ya redio, na Ufipa imekaa katikati yake, mbali na yote. Lami kutoka Tunduma imekuja juzi tu, katika muongo wa 2010. Gitaa lilikuwa limeshapanda uwanda zamani, kwa masafa mafupi.

Mwaka 1949, kwa ajili ya wasikilizaji wa redio ya Lusaka, ilianza kuuzwa redio ya betri ya duara, yenye umbo la sufuria, kwa pauni 5. Ilipokea masafa mafupi peke yake. Lusaka ilitangaza kwa lugha za Waafrika na kupiga muziki wa magitaa wa Rhodesia ya Kaskazini na majirani zake, na mawimbi hayapiti forodhani. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, na sahani ya "Masanga" ikaanza kuzunguka Afrika Mashariki na ya Kati. Redio ya Tanganyika ikapata shirika lake mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Nchi za tropiki zilipewa bendi zake za masafa mafupi, zikiwemo zile za mita 60 na 90, kwa sababu zilihitaji kufika mbali bila utitiri wa mitambo. Ufipa iliishi kwa bendi hizo.

Gitaa la Mwenda lilikuwa kavu, la mbao, linachezwa kwa vidole viwili, halina waya wala pedali. Lakini lilipofika nyumba ya Mfipa saa moja jioni halikuwa kavu tena. Sauti ilikuja, ikajaa, ikaanza kufinywa katikati, nyuzi nyembamba zikapotea huku zile nene zikibaki, kisha nyembamba zikarudi ziking'aa na za besi zikazama. Mwenye redio angeuzungusha ule waya wa aerio uliofungwa kwenye mti, angeigeuza redio upande, angetoa betri na kuzianika juani kesho yake akidhani zimechoka. Betri hazikuwa na kosa.

Kilichotokea ni hiki. Wimbi kutoka Dar es Salaam hupanda hadi ionosfia, kama kilomita 300 juu, na kurudi ardhini Ufipa kwa mruko mmoja. Wimbi lilelile hufika pia kwa miruko miwili: hupanda, hushuka, hugonga ardhi katikati ya nchi, hupanda tena. La pili limetembea kilomita mia kadhaa zaidi, kwa hiyo huchelewa kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Yakikutana kwenye aerio, sehemu fulani za sauti huongezana na nyingine hufutana. Ionosfia haitulii, hasa jua linapozama, na zile sehemu zilizofutwa husogea polepole kutoka sauti nene kwenda nyembamba na kurudi. Flenja, pedali ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa, hufanya kazi hiyohiyo kwa ucheleweshaji wa kiasi hichohicho. Inaichukua sauti, inaichelewesha kwa elfu chache za sekunde, inaichanganya na nafsi yake, na inabadilisha ule ucheleweshaji taratibu. Tofauti ni mahali. Msikilizaji wa Ufipa alikuwa na modulesheni ambayo imewekwa baada ya gitaa, baada ya amplifaya, baada ya maikrofoni, baada ya tepu, baada ya mtambo wa kurushia. Hakuna fundi duniani aliyewahi kuiweka mbali zaidi ya hapo.

Na huko mwisho wa njia kulikuwa na jambo la pili ambalo wengi hawalisemi. Masafa mafupi hubeba sauti juu ya wimbi mbebaji. Mfuto ukiliangukia lile wimbi mbebaji lenyewe, redio hushindwa kuisoma sauti vizuri na kutoa mkwaruzo mzito kwa sekunde chache. Kwa hiyo anga iliyumbisha kwanza, kisha redio ikakwaruza. Kumbuka mpangilio huo, kwa sababu utarudi.

Japani nao walikuwa wakisikiliza masafa mafupi. Fumio Mieda, mhandisi wa kampuni ya Shin-ei, alieleza mwenyewe kwamba alivutiwa na jinsi matangazo ya Redio Moscow yalivyoyumba yakipita angani kwenda Japani, akataka kukitengeneza kile alichokisikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kifaa kikatoka, na Marekani kikauzwa kwa jina la Uni-Vibe. Watu wengi hudhani kiliiga spika ya kuzunguka ya Leslie, na kwa kweli vinakaribiana. Mimi naamini maneno ya Mieda, kwa sababu yeyote aliyelelewa na redio ya masafa mafupi akisikia Uni-Vibe ikienda taratibu ataitambua mara moja.

Ukiifungua Uni-Vibe ya zamani utakuta katikati yake kibati kilichofunikwa. Ndani ya kibati kuna balbu ndogo, na kuizunguka kuna seli 4 zinazohisi mwanga. Balbu hung'aa na kufifia. Kila seli hubadilisha ukinzani wake kadiri mwanga unavyoongezeka na kupungua, na kila seli inatawala hatua moja ya kuihamisha awamu ya sauti. Balbu ya namna hii ina ugumu wake: huwaka haraka na kupoa polepole. Ndiyo maana myumbo wa Uni-Vibe si wa duara kamili, una mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na mitambo ya kisasa inayoiga huhangaika sana na kasoro hii moja.

Tarehe 18 Agosti 1969, asubuhi, Jimi Hendrix alipanda jukwaani Woodstock akiwa nayo. Njia yake ya sauti inajulikana: gitaa, kisha pedali ya wa-wa, kisha Fuzz Face ya kukwaruza, kisha Uni-Vibe, kisha amplifaya za Marshall zilizofunguliwa hadi mwisho. Wafuasi wa kanuni ya "modulesheni baada ya mkwaruzo" humtaja Hendrix kama ushahidi wao. Wanasahau Marshall. Amplifaya iliyofunguliwa kiasi kile nayo ni pedali ya mkwaruzo, tena kubwa kuliko zote, na iko baada ya Uni-Vibe. Modulesheni ya Woodstock ilikaa katikati ya mikwaruzo miwili. Ule wa kwanza uliipa utajiri wa sauti za juu za kuchonga, na ule wa pili uliusaga mchongo ukalainika. Ni mpangilio uleule wa anga ya Ufipa: kuyumba, kisha kukwaruza.

Kwa fundi, tofauti ya kabla na baada ni rahisi kuithibitisha kwa mkono. Piga noti moja kwenye uzi wa pili, faza ikiwa kabla ya mkwaruzo. Mkwaruzo huzaa sauti mpya za juu zinazozijaza zile nafasi ambazo faza imezifuta, kwa hiyo unasikia kinywa kinachofunguka na kufunga, karibu na irabu za mtu. Sasa ihamishe faza ije baada. Mkwaruzo umeshamwaga sauti nyingi, faza inapata nyama ya kukata, na myumbo unakuwa mpana kama ndege ya jeti inayopita. Tremolo nayo hubadilika tabia. Ikiwa kabla, kupanda na kushuka kwa nguvu kunageuka kuwa kupanda na kushuka kwa mkwaruzo, na ukali wa kukatika hupungua. Ikiwa baada, hukata sauti waziwazi. Korasi, inayochanganya sauti na nakala yake iliyopishana nayo kidogo, ndiyo yenye madhara zaidi: ikitangulia mkwaruzo mzito, sauti hizo mbili hugombana ndani ya mkwaruzo na kutoa uchafu.

Kabla ya pedali, wapigaji hawakuwa na la kuamua. Mtengenezaji wa magitaa na amplifaya, Leo Fender, aliiweka tremolo ndani ya amplifaya katikati ya miaka ya 1950, na katika amplifaya zake nyingi za miaka ya 1960 sakiti hiyo ilikaa karibu na mwisho, baada ya kipaza cha kwanza na hata baada ya mwangwi wa springi. Humo nako mlikuwa na balbu ndogo inayomulika seli. Swali la mahali lilijibiwa kiwandani.

Nyumbani lilijibiwa na mambo mengine. Magitaa ya umeme yalipoingia kwenye dansi la Tanganyika, enzi za Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz, na baadaye bendi za taasisi, vyombo havikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Mlimani Park, Sikinde ya mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa, amplifaya na kila kilichochomekwa katikati vilikuwa vya mwajiri. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikaadimika, na ombi la pedali lilishindana na ombi la vipuri vya mashine. Nawaheshimu sana wapigaji wa kipindi hicho. Walitengeneza sauti ambazo leo vijana wenye vifaa kumi miguuni hawazifikii.

Amplifaya zao hazikuwa na kile kitundu cha nyuma cha kuingizia pedali kati ya kipaza cha kwanza na cha mwisho. Hicho kilianza kuenea Marekani kuelekea miaka ya 1980, pale wapigaji walipotaka mkwaruzo utoke ndani ya amplifaya huku korasi na mwangwi vikija baada yake. Mpiga solo wa Dar es Salaam akipata pedali ya kuyumbisha, mahali pake palikuwa pamoja tu: kati ya gitaa na amplifaya. Na amplifaya ilifunguliwa kadiri ukumbi ulivyojaa. Usiku wa manane, jasho likitiririka na sebene limepamba moto, ilikuwa inakwaruza yenyewe. Hivyo dansi letu likakaa upande wa "kabla" bila mtu kulipigia kura, na kwa maoni yangu ndiko kulikolifaa. Mkwaruzo hafifu wa amplifaya iliyochoka uliikaza ile modulesheni, ukaiunganisha na gitaa, isielee juu yake.

Studio ya RTD iliulinda mpangilio huo. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja na kurekodiwa kwa pamoja, waimbaji, tarumbeta, ngoma na magitaa. Hapakuwa na fundi wa kuja siku ya pili kuongeza flenja juu ya gitaa la solo, kwa kuwa gitaa la solo halikuwa limerekodiwa peke yake. Ulichosikia ukumbini ndicho kilichoingia kwenye tepu. Kisha tepu ikapanda mtamboni, na Ufipa wakaongezewa mawimbi yao.

Kuna mahali pengine pa kuiweka modulesheni ambapo vitabu vya wazungu havipagusi, kwa sababu bendi zao mara nyingi zina magitaa mawili tu: uiweke kwenye gitaa lipi? Dansi la Sikinde au la Maquis du Zaire lina solo, lina solo la pili, lina ridhimu, lina besi, na yote yanazungumza kwa wakati mmoja katika noti zinazokaribiana. Michael Enoch, mwalimu wa wengi, alijua kuyapanga magitaa yasikanyagane hata yakiwa makavu kabisa. Ukiyayumbisha yote, yanakuwa tope. Ukiliyumbisha moja, sikio hulifuata bila kulazimishwa. Mimi ningeiweka kwenye ridhimu, chini sana, na solo liachwe kavu, kwa kuwa solo tayari lina kimo chake. Najua wapo waliofanya kinyume na wakapendeza.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kwa fujo nzuri zaidi. Zambia ya miaka ya 1970, yenye fedha za shaba na vijana waliomsikia Hendrix, ilizaa Zamrock: WITCH ya Jagari Chanda, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Paul Ngozi, Amanaz. Hawa walikuwa watu wa mkwaruzo na wa-wa, na mkwaruzo wao haukuwa wa amplifaya iliyochoka bali wa pedali iliyonunuliwa kwa kusudi hilo. Albamu ya Amanaz iitwayo "Africa", ya mwaka 1975, ipo katika michanganyo miwili, mmoja mkavu na mwingine uliomwagiwa mwangwi. Sikiliza yote miwili ujue maana ya kukiweka kionjo mwisho kabisa, juu ya bendi nzima: magitaa yaleyale, vidole vilevile, lakini umbali wa mtu aliyesimama mbele ya bendi unabadilika. Bei ya shaba iliporomoka, Zamrock ikafifia, na nafasi yake ikachukuliwa na kalindula ya Luapula, yenye magitaa safi yanayokimbia. Hiyo ndiyo iliyozoeleka zaidi masikioni mwa watu wa mpakani, kwa kuwa Mbala na Kasama ni jirani.

Viwanda vya Japani havikuwa vimelala. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walipiga Osaka, kwenye Maonyesho ya Expo 70. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, Ikutaro Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland. Chipu ya kuchelewesha sauti iliyobuniwa na Philips mwaka 1969 ikawapa Roland njia ya kuyumbisha sauti bila balbu. Chipu hiyo hupokezana sauti kutoka seli hadi seli, mithili ya watu waliojipanga kupitisha ndoo za maji kwenye moto. Mwaka 1975 ikatoka amplifaya ya Jazz Chorus, na mwaka 1976 korasi yake ikatolewa nje ikawa pedali, Boss CE-1. Marekani, MXR walikuwa wameshatoa Phase 90 mwaka 1974.

Jazz Chorus ndiyo iliyonifundisha mengi kuhusu mahali. Ina spika mbili. Moja hutoa sauti kavu, nyingine hutoa sauti iliyoyumbishwa, na mchanganyiko haufanyiki ndani ya waya bali hewani, mbele ya msikilizaji. Ukisogea hatua mbili kulia, korasi inabadilika. Hapa modulesheni imerudishwa karibu na mwisho, na sauti iliyotokana nayo, safi na pana, ni jamaa wa karibu wa magitaa ya soukous ya Paris miaka ya 1980, ambayo kaseti zake zilisambaa hadi vituo vya mabasi vya Mbeya na Sumbawanga. Gitaa la aina hiyo halitaki mkwaruzo kabisa. Pasipo mkwaruzo, nusu ya ubishi wa kabla na baada inakufa yenyewe. Kinachobaki ni kuamua korasi ikae kabla ya mwangwi au baada yake, na kabla ndiko kunakoacha maneno ya gitaa yasikike.

Utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi miaka ya 1990, FM ikaenea. Wimbi la FM halirudishwi na ionosfia, hufika kwa mstari ulionyooka na kuishia palipo na mlima. Muziki unaosikika Sumbawanga leo ni safi na haufinywi jioni. Na umeme ambao mji huo uliutumia kwa miaka mingi ulivushwa kutoka Zambia, kwa njia ileile ya kusini iliyoleta kalindula.

Magitaa ya umeme ya Ufipa sasa mengi yako kanisani. Ni nchi ya Wakatoliki tangu enzi za Wamisionari wa Afrika, na kwaya zenye kinanda, solo na besi ni jambo la kawaida. Gitaa mara nyingi halina amplifaya yake. Waya unakwenda moja kwa moja kwenye mikisa, kupitia kifaa kimoja cha kidijitali chenye pedali zote ndani. Hapo lile swali la zamani limefunguka tena, kwa kuwa kwenye skrini mpigaji anaweza kuivuta Uni-Vibe akaiweka kabla ya mkwaruzo, baada ya amplifaya ya kuigiza, au hata baada ya spika ya kuigiza. Ningemshauri aanze na kabla, kwa mkwaruzo mdogo, myumbo wa polepole, kina cha chini ya nusu, na aitumie kwenye ridhimu.

Korasi ina mtego wake kwenye mikisa. Kifaa kinatoa sauti mbili, kushoto na kulia, zikitegemea kukutana hewani kama kwenye Jazz Chorus. Mikisa ya kanisani ikiziunganisha ziwe moja, zinakutana ndani ya waya, na zile sehemu zinazofutana zinafutana kweli, gitaa linakonda. Dawa yake ni kutoa waya mmoja tu, kuchagua mono kwenye kifaa chenyewe, na kupunguza kina cha korasi hadi kinanda na gitaa visikike vimekubaliana kwenye tyuni.